Kicheko Kianguke Wapi? Maoni juu ya mchezo wa nyimbo «9 to 5» katika shule

Kila mwaka shule nyingi za sekondari za Marekani hutayarisha mchezo mkubwa wa nyimbo. Wanafunzi huimba na kucheza, hushona nguo, hupaka rangi mbao za jukwaa. Wazazi hulipa kiingilio, na kwa siku mbili tatu watu wa mahali pale huzungumza habari hiyo tu. Mmoja wa michezo inayochaguliwa mara kwa mara ni ule unaoitwa «9 to 5». Jina hilo ni saa za biro: kuanza saa tatu ya asubuhi, kumaliza saa kumi na moja ya jioni. Habari yake ni ya makarani watatu, wanawake, na mkubwa wao anayewadharau.

Tunataka kuupima mchezo huu kwa sababu wengi wa wasomaji wetu wameongoza michezo shuleni, au wataongoza kesho, na shida za mchezo huu ni shida za kila mwongozi. Neno letu kuu tuliseme tangu mwanzo: mchezo huu unamhukumu kwanza yule anayeuongoza. Asipoangalia, yeye mwenyewe atakuwa kama yule mkubwa anayechekwa jukwaani, na watu wote watamwona isipokuwa yeye.

I. Asili ya mchezo

Mwaka 1973, katika mji wa Boston, makarani wanawake waliunda chama chao. Kati ya walioanzisha walikuwa Karen Nussbaum na Ellen Cassedy, ambao walikuwa wakipiga mashini ya kuandika katika Chuo Kikuu cha Harvard. Malalamiko yao yalikuwa ya kila siku. Mshahara ulikuwa mdogo. Mwanamke alimfundisha kazi kijana mwanaume, na kesho yake alimkuta kijana yule amekuwa mkubwa wake. Alitumwa kahawa, alitumwa kununua zawadi ya mke wa mkubwa, na hata akiwa na mvi aliitwa «msichana». Wakati wa sikukuu ya makarani wakubwa walizoea kuwapa maua. Chama kikajibu kwamba maua hayanunui chakula: wanachotaka ni nyongeza ya mshahara.

Wakati ule, pale mwanaume wa Marekani alipopata dola 1, mwanamke aliyefanya kazi mwaka mzima kwa saa kamili alipata karibu senti 60. Na tujue kwamba sheria ya mshahara sawa ilikuwa imetiwa sahihi tangu mwaka 1963, na sheria nyingine ya mwaka 1964 ilikuwa imekataza kumbagua mtu kazini kwa sababu ni mwanamke. Basi sheria ilikuwako. Lakini desturi ya biro ilikuwa na nguvu kuliko sheria, kwani sheria hukaa katika kitabu, na desturi hukaa katika kiti cha mkubwa.

Jane Fonda, mchezaji mashuhuri wa sinema, alimfahamu Nussbaum tangu zamani, akavutwa na habari hizo. Ndipo ilipotoka sinema ya mwaka 1980, iliyoongozwa na Colin Higgins, na kuandikwa naye pamoja na Patricia Resnick. Fonda alicheza Judy, Lily Tomlin alicheza Violet, Dolly Parton alicheza Doralee, na Dabney Coleman alicheza mkubwa, Bwana Hart. Parton, mzaliwa wa milima ya Tennessee, alitunga pia wimbo wa sinema. Alipokuwa akiutunga aligonganisha kucha zake ndefu za bandia, na mlio wake ulikuwa kama wa mashini ya kuandika. Mwongozi mwenye masikio ashike habari hii: wimbo wa mwanzo umezaliwa katika vidole vinavyofanya kazi.

Baadaye Resnick aliandika maneno ya mchezo wa jukwaa, na Parton akatunga nyimbo zake. Ulionyeshwa kwanza Los Angeles mwaka 2008, ukafika Broadway, katika New York, mwezi wa Aprili 2009, ukafungwa mwezi wa Septemba wa mwaka uleule. Huko haukudumu. Shule na vikundi vya watu wanaocheza bila mshahara ndivyo vilivyouokota na kuuendeleza.

II. Habari yenyewe

Violet ni mjane mwenye mtoto. Anaijua kazi yote ya kompani, naye amewafundisha wanaume wanaompita kwa cheo. Doralee ni karani wa Hart mwenyewe, mke mwaminifu wa mtu. Hart anamwinda, naye anakataa. Lakini Hart anawaacha watu waamini kwamba wanalala pamoja, hata wanawake wenzake wanamkimbia bila yeye kujua sababu. Judy ameachwa na mume wake aliyemfuata karani kijana. Hajawahi kufanya kazi ya mshahara, na mashini za biro zinamshinda. Pembeni yuko Roz, msaidizi wa Hart, anayesikiliza maneno ya wanawake hata chooni na kuyapeleka kwa mkubwa.

Usiku mmoja wale watatu wanavuta bangi, na kila mmoja anaota jinsi angemlipiza Hart. Kisha Violet, kwa kukosea, anatia sumu ya panya katika kahawa ya mkubwa. Mambo yanachafuka, na mwisho wanamfunga Hart ndani ya nyumba yake mwenyewe. Wakati amefungwa, wao wanaongoza biro kwa jina lake. Sahihi ni ya Hart, mawazo ni yao. Na kazi inakwenda vizuri kuliko zamani! Mwishoni anafika mkubwa wa wakubwa, anayaona matunda, anamsifu Hart kwa kazi ambayo hakuifanya, kisha anampeleka mbali.

Mtu aliyesoma Molière katika koleji atatambua mara moja ukoo wa habari hii. Katika «Les Fourberies de Scapin», ya mwaka 1671, mtumishi anamtia bwana mzee ndani ya gunia na kumpiga fimbo. Na kabla ya kumsoma Molière, bibi zetu walitusimulia habari za sungura, ambaye wengine kwetu wanamwita Kalulu, akimfunga simba kwa kamba kwa ridhaa ya simba mwenyewe. Mnyonge hana nguvu, basi anatumia akili. Ni desturi ya kale ya kuchekesha, wala tusishangae kuikuta katika biro ya Marekani.

III. Uzuri wa mchezo

Uzuri wa kwanza ni mahali unapotazama. Tuulinganishe na mchezo mwingine ambao shule za Marekani hupenda sana, «How to Succeed in Business Without Really Trying», nyimbo za Frank Loesser. Ulitoka Broadway mwaka 1961, ukachezwa mara 1,417, ukapata tuzo la Pulitzer mwaka 1962. Nao unacheka biro. Kijana anayeosha madirisha anasoma kitabu cha kumfundisha kupanda cheo, na kwa ujanja anapanda mpaka juu kabisa. Wanaume wenye vyeo wanachekwa vizuri. Lakini makarani wanawake wa mchezo ule wanasimama kando ya ngazi, wakimtazama kijana anayepanda. Rosemary, aliye mwema kati yao, anaota nyumba ambamo atamngojea mume na kumhifadhia chakula cha jioni kisipoe. Juu ya mshahara wake hatusikii neno. Katika «9 to 5» mambo yamegeuzwa: jukwaa ni la wale walioshikilia ngazi, nao wanauliza kwa nini wanashikilia tu.

Uzuri wa pili ni kwamba mchezo unajua dhuluma ina vidole vingi. Hart ana tamaa, ndiyo. Lakini pia anaiba wazo la Violet na kulitoa mbele ya wakubwa kana kwamba ni lake. Anampa cheo mwanaume aliyefundishwa na Violet. Katika sinema kuna karani anayefukuzwa kwa sababu moja tu: alizungumza na wenzake juu ya kiasi cha mishahara yao. Tusimame kidogo hapa. Mtu asiyejua mwenzake anapata nini hawezi kujua kwamba anaibiwa. Kuficha mishahara ni kufuli, na Roz anayesikiliza chooni ni mlinzi wa kufuli hiyo. Watazamaji wengi hupita hapa wakicheka, lakini ndipo mchezo unaposema neno lake lenye uzito.

Uzuri wa tatu ni dawa wanayoitoa. Wale watatu wanaposhika kalamu ya Hart, hawawapigi wanaume wala hawawafukuzi. Katika sinema wanaweka mahali pa kulelea watoto palepale kazini. Wanawaruhusu watu kuchagua saa za kufika na kuondoka. Wanawagawia watu wawili kazi moja, nusu na nusu. Wanaamuru mshahara sawa kwa kazi iliyo sawa. Haya si ndoto. Ni mambo yanayoweza kuandikwa katika barua moja na kuanza Jumatatu. Katika michezo mingi ya kuchekesha, mnyonge hushinda na pazia hufungwa. Huu unaonyesha pia mnyonge akitawala, na akitawala vizuri.

IV. Makosa ya mchezo

Kosa la kwanza: Hart ni mbaya mno. Anadanganya, anaiba mali ya kompani, anatamani, anatukana. Mwanaume mwema anayeketi katika watazamaji hajitambui hata kidogo. Anacheka, anapiga makofi, anarudi nyumbani amejihesabia haki. Lakini dhuluma nyingi za kazini hazifanywi na Hart. Zinafanywa na mtu mpole, anayesali na kusalimu vizuri, ambaye hakufikiri kamwe kwa nini mwanamke aliyefanya kazi miaka 15 bado anapiga mashini palepale. Mwovu akiwa mmoja tu, ni rahisi kumfunga kamba. Desturi haifungwi kamba.

Sinema yenyewe ilijua jambo hili. Mkubwa wa wakubwa anapokuja kusifu mageuzi yote, anaongeza neno moja: lile jambo la mshahara sawa liondolewe. Ni neno fupi, watu wanacheka, habari inaendelea. Lakini limefunua kila kitu. Hart amekwenda, na mshahara umebaki palepale! Mwongozi yeyote atakayeuchukua mchezo wa jukwaa na aitazame kwanza sinema kwa ajili ya neno hilo. Litamfundisha kwamba furaha ya mwisho isiwe furaha ya kitoto.

Kosa la pili ni Roz. Mchezo unamfanya mwanamke asiyependwa, anayemtamani mkubwa kwa siri, na unatualika kumcheka kwa umri wake na uso wake. Hapo mchezo unafanya kile unachokikataza. Roz anastahili kutazamwa kwa makini zaidi. Yeye ameona kwamba mwanamke katika biro ile hana nguvu ila ile anayopewa na mkubwa, basi amekubali kuwa sikio la mkubwa. Sisi tunamjua mtu huyu. Kila kambi ya wafanyakazi ilikuwa na kapita wa namna hiyo, ambaye alikuwa mmoja wa watu wake na hakuwa tena mmoja wao. Hatumchukii kwa uso wake. Tunamhuzunikia kwa bei aliyojiuzia.

Kosa la tatu ni la wakati. Sinema ya 1980 ilizungumza juu ya mwaka wake. Mwaka uleule tume ya serikali ya Marekani inayoangalia haki kazini ilitoa maagizo ya kwanza juu ya kumsumbua mwanamke kwa tamaa, na mwaka 1986 tu ndipo Mahakama Kuu ilipokubali kwamba usumbufu huo unavunja sheria ya mwaka 1964, katika kesi iliyoletwa na mfanyakazi mmoja wa benki. Lakini mchezo wa jukwaa ulitoka miaka karibu 30 baada ya sinema, nao umewekwa katika mwaka 1979. Nguo za zamani, nywele za zamani, mashini za zamani: vyote hivi vinamwambia mtazamaji kwa siri kwamba dhuluma nayo ni ya zamani. Mwaka 2017 wanawake wengi wa kazi ya sinema walisema wazi mambo waliyotendewa na wakubwa wao, na ulimwengu ukaona kwamba Hart hakuzikwa. Mwongozi asiruhusu nywele za bandia ziwe kichekesho kikubwa kuliko maneno.

V. Kazi ya mwongozi

Sasa tufike jukwaani. Kwanza, mwongozi ajue kwamba hawezi kukata na kubandika maneno apendavyo. Shule inayotaka kuucheza mchezo huu hulipa haki za waandishi, na haina ruhusa ya kugeuza maneno bila kuuliza. Kama jambo la bangi au neno fulani halifai kwa umri wa wanafunzi wake, aulize mapema, au achague mchezo mwingine. Kugeuza kwa siri ni kuiba kazi ya mtu, na tumekwisha kusema Hart alikuwa mwizi wa namna gani.

Pili, wachezaji. Doralee asichezwe kama mjinga. Anazungumza kwa namna ya watu wa kwao vijijini, anavaa nguo za kung'aa, na watu wanamhukumu kabla hajafungua kinywa. Ikiwa jukwaani naye anaonyeshwa kwa mwili tu, mwongozi amekubaliana na wale wanaomhukumu. Aingie, asimame, asikilizwe. Kadhalika Judy: watazamaji watamcheka anaposhindwa na mashini, na hii ni sawa; lakini mume wake anaporudi na yeye anamfukuza kwa wimbo, jukwaa liwe kimya na tupu, asiwepo mtu wa kuchekesha nyuma yake.

Hapa kuna swali la shule za wavulana peke yao. Kanuni ya masomo ya Wayezuiti ya mwaka 1599 iliamuru michezo ya koleji iwe ya Kilatini na ya nadra, wala asionekane ndani yake mtu wa kike wala vazi la kike. Zamani hizo zimepita, na katika shule nyingi wavulana wamevaa kitambaa cha mama na watu wamefurahi bila dhambi. Lakini kwa mchezo huu tunasema hapana. Mvulana aliyejaza pamba kifuani ili awe Doralee atawafanya watu wacheke kifua na viatu virefu. Na shida yote ya Doralee ni kwamba watu hutazama kifua chake kabla ya kusikia neno lake. Seminari inayoupenda mchezo huu iusome kwa sauti, wanafunzi wameketi, bila nguo wala rangi. Watafaidika zaidi.

Tatu, Hart. Hapa ndipo hatari kubwa. Kijana wa miaka 17 anayempata Hart anapata maneno ya kuchekesha kuliko wote. Akiwa na kipaji, watazamaji watampenda, na akimkaribia Doralee kwa tamaa watapiga makofi. Makofi hayo ni ya nani? Kama watazamaji wanacheka pamoja na Hart, mchezo umekufa, hata nyimbo zikiimbwa kama za malaika. Dawa yake ni nyepesi: mwongozi ageuze macho ya watu. Hart anaposema neno lake chafu, Doralee ndiye awe mbele, katika mwanga, nasi tuuone uso wake unapolipokea. Mtu akiuona uso wa anayeumizwa, kicheko chake hubadilika chenyewe. Methali yasema: mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu. Kazi ya mwongozi ni kuonyesha kwamba aliyechomwa ni binadamu.

Nne, mwili wa mwanafunzi. Hakuna haja ya kushika-shika ili watu waelewe tamaa. Mkono unaonyoshwa na kurudishwa husema yote. Kila mguso, hata wa bega, upatanwe mbele ya watu wengine, ufanywe daima kwa namna ileile, na msichana awe na ruhusa ya kusema hapana bila kunyang'anywa nafasi yake katika mchezo. Mvulana naye alindwe, maana hakuomba kufundishwa ufundi wa mtu mwovu na kuachwa nao. Mazoezi yakiisha, majina ya mchezo yabaki jukwaani. Msichana asiitwe «Doralee» katika ua wa shule, wala maneno ya Hart yasirudiwe darasani. Mwongozi mwenyewe asikae na mwanafunzi peke yao nyuma ya mlango uliofungwa. Mlango huo wamlinda mwenye nguvu, na mchezo mzima umeandikwa juu ya milango ya namna hiyo.

Tano, na hili ni zito kuliko yote: mazoezi nayo ni biro. Yana mkubwa, yana wafanyakazi, yana sifa za kugawanya. Basi mwongozi ajiulize. Nani anashona nguo zote? Nani anafagia jukwaa wengine wakienda kucheza mpira? Nani anachemsha chai? Nani anatumwa, na nani anaulizwa maoni? Mara nyingi katika kundi kuna msichana mmoja anayeshika daftari. Anajua maneno ya kila mchezaji, anajua kila kiti kiwekwe wapi, anamkumbusha hata mwongozi mambo aliyoyasahau. Siku ya kuonyesha, jina lake halisomwi. Huyo ndiye Violet! Mwongozi anamfundisha msichana mwingine kucheza Violet, na Violet wa kweli amesimama nyuma ya pazia na daftari mkononi.

Na mwanafunzi akitoa wazo zuri, mwongozi aseme mbele ya wote wazo hilo ni la nani. Wavulana na wafagie pia. Wasichana na wabebe mbao, wapige nyundo, waongoze taa. Haya yakifanyika miezi miwili ya mazoezi, mchezo utakuwa umefundisha kabla pazia halijafunguliwa.

VI. Maneno ya wanaopinga

Mtu wa kwanza atasema: ni kichekesho tu, mbona mnakipima kwa mizani ya dhahabu? Tunajibu: kichekesho ndicho kinachoingia bila kubisha hodi. Mtu akihubiriwa hujikinga. Akicheka hufungua mlango. Ndiyo maana lazima kujua ni nini kinachoingia.

Wa pili atasema: mchezo unawafundisha wanafunzi kumfunga mkubwa na kumtilia sumu. Tunajibu: hakuna mtoto aliyesikia habari za Kalulu akaenda kumfunga simba. Wanafunzi wanajua tofauti ya hadithi na shauri. Hata hivyo mwongozi anaweza kuwauliza kwa nini wale watatu hawakuwa na njia nyingine. Nani angewasikiliza? Jibu la swali hilo ni somo zuri kuliko hofu yetu juu ya kamba.

Wa tatu atasema: haya ni mambo ya Marekani. Tunajibu: makarani wa Boston ni wa Boston, nasi hatusemi kwamba mambo yetu ni sawasawa na yao. Lakini katika Kongo Sheria ya Jamaa ya mwaka 1987 ilimtaka mke apate ruhusa ya mume wake kwa matendo yake ya kisheria, na sharti hilo liliondolewa kwa sheria ya tarehe 15 Julai 2016 tu. Sheria ya mwaka 2006 nayo imeweka kumsumbua mtu kwa tamaa kati ya makosa yanayoadhibiwa. Basi kwetu pia sheria zimeandikwa. Tuliyoyaona Boston yatufundishe: swali linalofuata sheria ni kujua kama desturi imesikia.

Hukumu yetu

«9 to 5» si kazi kubwa kama za Molière. Nyimbo zake ni nzuri, nyingine ni za kujaza nafasi; mwovu wake ni rahisi mno, na Roz hakutendewa haki. Lakini una moyo wa kweli, kwa sababu umetoka katika malalamiko ya watu waliofanya kazi hasa, na dawa unayoitoa ni ya watu wanaojua kazi. Shule yenye wasichana na wavulana, na yenye mwongozi anayekubali kujichunguza, iucheze bila woga. Shule ambayo mwongozi wake anataka makofi tu, iuache.

Na yule atakayeuchukua, kabla ya kugawa majina ya wachezaji, achukue karatasi na aandike kazi zote za nyuma ya pazia, kisha aandike mbele ya kila kazi jina la yule aliyeifanya mwaka uliopita. Aisome karatasi hiyo polepole. Hapo ataanza kuuelewa mchezo.